Ombudsman habomoi ukuta wa jirani

Wandugu wasomi, wengi wetu tuko na jamaa Uingereza, na mutu ukimaliza droit tu, makaratasi yao yanaanza kukufikia kwenye simu kama vile weye ni avoka wa dunia nzima. Leo ninataka kueleza jambo moja ambalo linawachanganya sana: jirani amepewa ruhusa ya kujenga na komine, wewe umepinga, hawakukusikia. Unamlalamikia nani?

Mwenye kuomba ruhusa akikatazwa anakata rufaa kwa ofisi ya serikali inayoitwa Planning Inspectorate. Jirani anayeumia hana rufaa hiyo. Mimi naona sheria yao imeegemea upande mmoja hapo, lakini njo sheria. Jirani anabaki na njia mbili: korti kuu, ndani ya wiki 6 tangu uamuzi, kwa feza nyingi, ao Ombudsman, bure, bila avoka.

Neno lenyewe ni la Kiswidi. Sweden iliweka kazi hiyo tangu 1809. Huyu wa komine za Uingereza alitokana na sheria ya 1974, na leo anaitwa Local Government and Social Care Ombudsman. Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini ziko na wao.

Sasa, kwetu ukigombana juu ya parsele unataka mutu mukubwa aseme nani ana haki. Ombudsman haiko mutu wa namna hiyo. Hawezi kufuta ruhusa. Haulizi kama uamuzi ni mzuri ao mubaya. Anauliza ulifanyika namna gani. Majirani walijulishwa? Barua zao zilisomwa? Ripoti iliyopelekwa kwa waamuzi ilisema ukweli wa mahali? Kama ripoti inasema, "tuliona madirisha, tulipima, tunakubali," basi imekwisha, hata ukikasirika namna gani. Kutokubaliana na komine haiko kosa la komine.

Mtoto wa mjomba wangu alinitumia kurasa 4 za malalamiko: nyumba yake itashuka bei, haoni tena miti, jirani ana kiburi. Nilifuta karibu yote. Bei ya nyumba na kupoteza mandhari unayoyaona kutoka nyumbani kwako havihesabiwi katika ruhusa ya kujenga. Mwanga, kelele, magari, na kuchunguliwa ndani ya nyumba vinahesabiwa. Nikamwambia atafute ripoti ya ofisa, juu komine za kule zinaiweka kwenye intaneti. Tukaisoma pamoja na barua yake ya kupinga, mstari kwa mstari. Juu ya mwanga waliandika aya nzima. Juu ya madirisha mapya yanayotazama chumba cha watoto, ambayo yeye aliandika wazi, hakuna hata neno moja. Hapo njo kesi yake ilipo, na barua ikabaki nusu ukurasa.

Barua hiyo inaanzia komine yenyewe; Ombudsman kwa kawaida hapokei mutu ambaye hajalalamika kwao kwanza. Halafu kuna mpaka wa miezi 12 tangu ulipojua jambo. Na kosa peke yake halitoshi: kama anaona komine ingefikia uamuzi ule ule hata bila kosa, atasema umeumia kidogo tu. Akikubali, anaweza kushauri komine iombe radhi, ilipe kiasi fulani, ao irekebishe namna inavyofanya kazi. Ushauri wake hauna nguvu ya hukumu, lakini mara nyingi komine zinaufuata.

Na wakati anachunguza, ujenzi hausimami. Mafundi wanaendelea kupanga matofali yao. Kwa hiyo mwenye kutaka ukuta usipande ahesabu zile wiki 6 kwanza, aone avoka wa kule mapema, juu zikipita, Ombudsman hatamrudishia.