Chembe za Uhai Katika Barafu ya Kale: Kuonekana si Kuwa Hai

Theluji ianguкapo Greenland na Antaktika haishuki peke yake. Huteremka pamoja na vumbi, chavua za mimea, bakteria na virusi vilivyobebwa na upepo kutoka mbali. Kwa kuwa sehemu kubwa ya theluji hiyo haiyeyuki, kila mwaka tabaka jipya hulifunika la mwaka uliotangulia, hata uzito ukaigeuza kuwa barafu ngumu. Kadiri kekee ichimbavyo chini, ndivyo mtafiti arudivyo nyuma katika zama. Katika kituo cha Vostok, Antaktika, mche wa barafu uliochimbwa hadi mwaka 1998 ulifikia kina cha mita 3,623.

Mwaka 1999 watafiti walitangaza kuwa wamekuta katika barafu ya Greenland vinasaba vya virusi vya batobato ya nyanya. Umri wa barafu hiyo ulianzia chini ya miaka 500 hadi takribani miaka 140,000. Habari za namna hii huzua hofu: je, barafu ikiyeyuka, maradhi ya kale yatafufuka?

Jibu lahitaji utulivu. Kipande cha kinasaba ni alama kwamba kiumbe kilipita hapo. Si ushahidi kuwa kingali hai, wala kuwa chaweza kuambukiza. Tena lazima ithibitike kuwa chembe hiyo haikutoka mikononi mwa mtafiti, au katika mafuta yamiminwayo shimoni ili lisijifunge. Ndiyo maana tabaka la nje la mche huondolewa, ikapimwa sehemu ya ndani tu. Hata hivyo, wapo bakteria wa kale waliooteshwa maabara, hivyo tahadhari haipuuzwi.

Somo hili lahusu pia zahanati zetu. Mgonjwa aliyemaliza dawa za kifua kikuu aweza kupimwa makohozi kwa GeneXpert, vimelea vikaonekana, naye akavunjika moyo akidhani dawa hazikufaa. Kipimo hicho husoma vinasaba, na vinasaba vya vimelea vilivyokufa huweza kubaki kwa muda mrefu. Kwa sababu hiyo, maendeleo ya matibabu hufuatiliwa kwa darubini au kwa kuotesha vimelea.

Mhudumu asiamue kuanza dawa upya kwa jibu hilo peke yake. Amsikilize mgonjwa na kumchunguza. Naye mgonjwa, kikohozi, homa au kukonda kukirejea, asikae nyumbani.