Bia ya chachu ya mwitu: kwa nini chupa zangu zilipasuka

Ndugu zangu, waliolelewa Uchagani kama mimi wanaijua mbege: ndizi zimechachuka zenyewe, uji wa kimea cha ulezi juu yake, na baada ya siku mbili tatu imeshanywewa. Nikadhani bia ya shayiri nayo ni hivyo hivyo. Wapi!

Huku Uingereza nilijaza pipa la lita 20, nikatia chachu niliyoiotesha kwenye maganda ya tufaha za bustanini. Chachu za mwanzo humaliza sukari nyepesi kwa wiki chache. Halafu bakteria huleta uchachu, na pengine bia huteleza kama mlenda. Hapo wengi humwaga, na ni kosa. Brettanomyces, ambayo Claussen wa Carlsberg aliitangaza mwaka 1904 baada ya kuikuta katika bia za Kiingereza, hula polepole sukari ngumu iliyobaki, na utelezi huondoka. Waubelgiji wa bonde la Senne huiacha lambic yao mwaka 1 mpaka 3.

Mimi miezi 4 tu, haidromita inasoma 1.010, nikajaza chupa kwa ajili ya sendofu ya binti yetu. Ikashuka mpaka 1.002 humo humo. Kila nukta huzaa gesi karibu nusu ya ujazo wa bia. Nukta nane ni mara nne, mbali na sukari niliyoongeza. Chupa 11 zilipasuka stoo, mke wangu ametoka humo sasa hivi tu.

Siku hizi nachota kwa bomba la chini na kupima kila mwezi. Kipimo kisipohama miezi miwili mfululizo, ndipo naosha chupa. Pipa la sasa limetanda utando mweupe juu. Silifunui.