KUTANGAZA BIASHARA MTANDAONI: KAZI AU MTEGO?

Katika shule nyingi tunazopita hapa Singida, maswali ya UKIMWI yakiisha na ya mimba yakijibiwa, huwa inabaki mikono miwili mitatu juu, huko nyuma ya darasa. Hao wanaulizia pesa. "Eti ni kweli mtu anaweza kuishi kwa kutangaza vitu kwenye simu?" Na mwingine, kwa sauti ya chini kidogo: "Kuna mtu kaniambia nimtumie elfu thelathini aniunganishe na kazi ya mtandaoni. Nitume?"

Jibu la swali la kwanza ni ndiyo. La pili ni hapana, usitume hata mia. Pengine unajiuliza jarida la afya linatafuta nini kwenye biashara. Soma tu, maana kazi hii ina mlango mmoja wa nyuma unaotokea hospitali.

KAZI YENYEWE NI IPI?

Kutangaza mtandaoni ni kumkutanisha mwenye kitu na anayekitaka, kwa kutumia intaneti badala ya kipaza sauti juu ya gari. Kiomboi kuna mzee ana mafuta ya alizeti. Dar es Salaam kuna mama anayataka. Katikati yao kuna mamia ya kilomita na kitu kingine kikubwa zaidi: wasiwasi. Mama haamini kama mafuta hayajachanganywa, mzee haamini kama pesa italipwa. Kazi yako wewe uliye katikati ni kuuondoa huo wasiwasi, na malipo yako yanatoka hapo.

Katika kampuni kubwa za simu na mabenki kazi hii imegawanywa. Mmoja anapiga picha, mmoja anaandika maneno, mwingine anajibu ujumbe wa wateja, na yuko wa kuhesabu tu: tangazo limeonwa na watu wangapi, wangapi wameuliza, wangapi wamenunua. Wote hao wanalipwa mshahara. Kwa mtu anayeanzia Manyoni au Ikungi, kazi zote nne ni zake mwenyewe, na hiyo siyo hasara. Ukizijua zote nne, siku ya kuomba ajira una cha kuonyesha.

Watu wengi wanadhani ni lazima uwe na duka kubwa la kompyuta na magari ya kusambaza mizigo. Kampuni ya Jumia ilikuwa na duka la namna hiyo Tanzania, ikafunga shughuli zake hapa nchini Novemba 2019. Lakini dada anayeuza vitenge kwa WhatsApp hakufunga. Yeye ana picha, ana M-Pesa, ambayo Watanzania wameitumia tangu 2008, na ana basi la kupakia mzigo. Mimi naona sababu mojawapo ni kwamba mnunuzi wetu anapenda kuongea. Anataka kuuliza, kupunguziwa, kutumiwa sauti, kuonyeshwa picha ya upande wa pili. Duka la Mtanzania mtandaoni ni mazungumzo, na asiyejibu ujumbe kwa adabu hauzi hata kama picha zake ni kali namna gani.

ANZA NA KILICHOPO NYUMBANI

Vijana wengi wakitaka kuanza wanafikiria viatu na saa kutoka China, vitu ambavyo maelfu wengine wanauza na wao hawajui vimetengenezwaje. Wakati huohuo kuku wa kienyeji wa Singida wanasifika mpaka Dar, asali inatoka Itigi na Manyoni, vitunguu vinashuka soko la Misuna, na alizeti ndiyo usiseme. Mwaka 2021 Serikali ilipoanzisha kampeni ya kukuza alizeti, Singida ilikuwa moja ya mikoa mitatu ya kwanza, pamoja na Dodoma na Simiyu. Wewe umekua unayaona mashine yanayokamua, unajua mashudu yanavyonukia. Hicho ndicho mtu wa mjini hana.

Hebu tuangalie tangazo. Mara nyingi utakuta hivi: "MAFUTA ORIJINO YA ALIZETI, BEI POA SANA, NJOO INBOKSI!!!" Hapo mteja amejua nini? Hajui yanatoka wapi, ujazo gani, bei gani. Na hii tabia ya kuficha bei halafu "njoo inboksi" inawaudhi wanunuzi kuliko wauzaji wanavyodhani. Sasa jaribu hivi: "Mafuta ya alizeti kutoka Mkalama, yamekamuliwa wiki hii. Dumu la lita 5, sh. 30,000. Tunatuma kwa basi Dodoma na Dar, nauli ya mzigo juu ya mteja. Piga simu saa 2 asubuhi hadi saa 2 usiku." Chini yake picha uliyoipiga mwenyewe, nje, kwenye mwanga wa asubuhi. Usiibe picha ya mtu. Mzigo ukifika haufanani na picha, umekwisha.

Halafu daftari. Tuseme dumu la mafuta umelinunua sh. 25,000, dumu tupu sh. 1,500, bando la siku sh. 500, bodaboda mpaka stendi sh. 1,000. Jumla 28,000. Umeuza 30,000. Umebaki na elfu mbili. Siyo milioni, ndugu yangu! Ukipeleka madumu kumi kwa safari moja, bando likawa sh. 2,000 na bodaboda sh. 3,000, gharama yote ni 270,000, mauzo 300,000, unabaki na 30,000. Hesabu ni mfano tu, bei zinapanda na kushuka. Ila unaona faida inatoka wapi: inatoka kwa wateja wanaorudi, ndiyo ukapata kumi kwa mkupuo. Na mteja harudi kwa sababu ya maneno matamu.

Kama huna mtaji, unaweza kuuza cha mwenzako kwa kamisheni. Andikeni kwenye karatasi ni shilingi ngapi kwa kila dumu na inalipwa lini. Hata kama ni mjomba wako. Hasa kama ni mjomba wako.

NA SHULE JE?

Shuleni simu haziruhusiwi na makala haya hayakufundishi kuificha chini ya godoro. Laini nazo husajiliwa kwa alama za vidole na namba ya NIDA, ambayo mtu huipata akifikisha miaka 18. Hivyo kama hujafika, biashara yoyote itapitia simu ya mzazi au mlezi, na yeye ajue kinachoendelea.

Lakini sehemu kubwa ya kazi hii haihitaji simu. Utungaji wa matangazo unaousoma kwenye Kiswahili ndio huohuo. Chukua daftari, andika tangazo la maneno 30 la kuku wa mama, mpe rafiki yako alisome, muulize kama ameelewa bei. Hesabu za faida unazo. Kiingereza usikidharau, maana mitambo mingi ya matangazo ya kulipia inatumia lugha hiyo. Baada ya Kidato cha Nne au cha Sita, Taasisi ya Uhasibu Tanzania (TIA) ina kampasi hapahapa Singida mjini na inafundisha masoko, VETA ipo, na SIDO wanasaidia wajasiriamali wadogo wanaotaka bidhaa zao zifungashwe vizuri na kufika TBS.

PESA KABLA YA KAZI

Sasa turudi kwa yule wa elfu thelathini. Mwajiri hukulipa wewe. Anayetaka umlipe yeye ndipo upate kazi, kazi hana.

Mwaka 2009 DECI ilisimamishwa baada ya watu wengi sana kuwa wameshaweka pesa zao, wakiambiwa wanapanda mbegu na watavuna. Februari 2025 ikawa zamu ya LBL. Huko watu walilipa kwanza, wakaahidiwa malipo ya kila siku kwa kuangalia vipande vya filamu mtandaoni, mpaka polisi walipoanza kukamata wahusika. Majina yanabadilika, siku hizi wanaita kazi ya matangazo, lakini mashine ni moja: pesa ya anayeingia leo ndiyo inayomlipa aliyeingia jana.

Chukua kalamu. Tuseme kila mtu anatakiwa kuleta watu 5. Ngazi ya kwanza ni watu 5, ya pili 25, ya tatu 125, ya nne 625. Bado inaonekana rahisi, siyo? Endelea. Ngazi ya sita ni 15,625, ya nane ni 390,625, na ya tisa ni 1,953,125. Sensa ya 2022 ilihesabu watu milioni 2 na kidogo katika mkoa mzima wa Singida, ukijumlisha vichanga na babu zetu wote. Yaani ngazi ya tisa peke yake inataka karibu mkoa mzima, na ya kumi hakuna wa kuingia. Wa mwisho ndio wengi, na wao hawapati kitu. Usichanganye na mchezo wa kina mama wa kupeana kila mwezi. Pale kila mmoja anapata zamu yake na wanafahamiana.

Upatu wa namna hii ni kosa la jinai. Na kijana akimwingiza shangazi yake, siku mtandao ukifungwa shangazi hatamtafuta mwenye kampuni. Atakutafuta wewe.

USO WAKO, CHUPA YA MWINGINE

Huu ndio ule mlango wa hospitali. Kijana amemaliza shule, ana simu nzuri na marafiki 400 wanaoangalia stetasi yake. Anatokea mtu na krimu za kung'arisha ngozi, vidonge vya kuongeza makalio, chai ya kupunguza tumbo, dawa ya nguvu za kiume. "Wewe posti tu, kila kopo chako elfu tano." Dili rahisi kweli.

Zipo krimu za kung'arisha zenye zebaki. Zebaki inapita kwenye ngozi, inaingia mwilini, inaharibu figo na mishipa ya fahamu, na kwa mama mjamzito inamfikia mtoto tumboni. Nyingine zina haidrokwinoni, ambayo ikitumika muda mrefu inaweza kuacha madoa meusi yasiyotoka. Nyingine zina dawa kali za steroidi zinazoifanya ngozi iwe nyembamba kama karatasi, ikichubuka haiponi upesi. Ule mkorogo wa kuchanganya mwenyewe ndio kasheshe kabisa, kwa sababu hakuna anayejua ndani mna nini, hata anayeuza. Krimu zenye zebaki na haidrokwinoni ni marufuku Tanzania, na kupitia Mkataba wa Minamata wa 2013 nchi nyingi duniani zimekubaliana kuondoa vipodozi vyenye zebaki.

Vidonge navyo. Dawa haitangazwi kama sabuni. Iko chini ya TMDA, na tangazo lake lazima liwe na kibali. Dawa za asili zina Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Vipodozi na vyakula viko TBS tangu 2019. Basi kabla hujaweka kitu kwenye stetasi, muulize mwenye mali: imesajiliwa wapi, namba ipi? Viambato vimeandikwa? Anwani ya mtengenezaji iko wapi? Kopo lisilo na maandishi, au lenye maandishi ambayo wewe na yeye wote hamyasomi, mrudishie. Na maneno mawili usiyaandike kamwe kuhusu kitu usichokijua: "haina madhara" na "inatibu".

Fikiria wanaoiona stetasi yako ni nani. Siyo watu wa mbali. Ni uliokaa nao dawati moja Kidato cha Pili, binamu zako, dada wa kwaya. Wanaamini kwa sababu ni wewe umesema. Wakivimba uso watakaa na huo uso, na wewe utakutana nao sokoni.

PICHA

"Tunatafuta mabinti warembo wa kutangaza bidhaa zetu. Tuma picha tatu." Kampuni zinazotafuta watu wa kupigwa picha zipo, hilo halina ubishi. Lakini kampuni ya sabuni haihitaji kukuona bila nguo. Usaili haufanyiki gesti wala saa 3 usiku. Wavulana nanyi msicheke, maana nanyi mnatafutwa. Mtu akishapata picha ya faragha anaanza kudai pesa, au anadai mengine, akitishia kuisambaza.

Likikufika, usilipe. Ukilipa mara moja atarudi. Usifute ujumbe wala namba, kwa sababu huo ndio ushahidi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 ipo na watu wanafungwa nayo. Mwambie mtu mzima mmoja unayemwamini, halafu nendeni Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi. Kama huna wa kumwambia, piga 116, namba ya huduma kwa mtoto. Haina malipo, na huhitaji kuwa na salio. Ujumbe wa matapeli wa "ile pesa tuma kwenye namba hii", au wa kazi za kulipia, peleka kwa 15040 pamoja na namba iliyoutuma. Kama pesa imeshatoka dakika hii, piga huduma kwa wateja ya mtandao wako wa simu sasa hivi, kabla aliyepokea hajafika kwa wakala kuitoa.