Frasila Moja Mkononi

Ketelibeli, lile tufe la chuma lenye mpini juu kama wa birika, mara nyingi huwa na kilo 16. Kipimo hicho kimetoka Urusi, ambako bidhaa zilipimwa kwa pudi, na pudi moja ni kilo 16 na ushee. Lakini mtu wa Tabora hana haja ya kufika Urusi ili akielewe. Frasila, iliyopimia pembe za ndovu zilizotoka Unyanyembe, nchi inayoizunguka Tabora, kwenda Unguja, nayo ni karibu kilo 16, na mpagazi wa Kinyamwezi alibeba kama frasila mbili kwa mwendo wa kilomita 800 hivi hadi Bagamoyo. Ni sadfa tu, ila inafaa, kwa sababu swali linalozuka kwenye jimu, kwamba zoezi la kubembeza chuma lifanywe kwa ketelibeli au kwa dambeli, misafara ililijua kwa namna yake: mizigo miwili yenye uzito uleule yaweza kuwa kazi mbili tofauti kabisa.

Mpelelezi Mwingereza Richard Burton, aliyefika Kaze, yaani Tabora ya siku zile, mwaka 1857, alieleza kwa kirefu jinsi mizigo ilivyofungwa. Nguo zilikunjwa zikawa kama mto mrefu uliokazwa kwa fito. Ushanga ulitiwa kwenye mifuko mirefu myembamba. Masongo ya waya yalifungwa kwenye ncha mbili za mti, nao mti ukakaa begani, ule tunaouita mzega. Pembe ya ndovu ilibebwa begani na watu wenye heshima yao katika msafara, na kwenye ncha yake walifunga kengele. (Waingereza wameita dambeli “kengele bubu”, ile ya msafara ililia kwelikweli.) Sasa utazame mzega kwa jicho la mpiga vyuma: uzito huku, uzito kule, mshiko katikati. Hiyo ni dambeli. Na shabaha ya ufungaji wote huo ilikuwa moja, mzigo utulie, kwa kuwa mzigo unaochezacheza humchosha mbebaji kabla ya jua kupanda. Mwaka 1986 mtafiti Maloiy na wenzake walichapisha vipimo vya wanawake wa Kijaluo na Kikikuyu wa Kenya, wakaonyesha kwamba waliweza kubeba hadi asilimia 20 ya uzito wa miili yao bila nguvu ya ziada inayopimika. Uzito unakaa wapi mwilini, na unakaaje, si jambo dogo.

Kubembeza chuma kunataka kinyume cha utulivu huo wa mzigo. Unasimama miguu ikiwa imeachana kidogo, unasukuma makalio nyuma huku mgongo umenyooka, chuma kinapita katikati ya mapaja, kisha makalio na misuli ya nyuma ya mapaja inakirusha mbele mpaka usawa wa kifua. Mikono ni kamba tu. Hapa mzigo hautakiwi kutulia. Unatakiwa uende, urudi, uende tena. Ketelibeli imeumbwa kwa kazi hiyo: tufe liko chini ya kiganja, mpini unazunguka ndani ya vidole bila kukipinda kiwiko cha mkono, na chuma kinakuwa kama urefu wa mkono umeongezwa. Dambeli ukiishika katikati, uzito wake uko ndani ya ngumi yako. Hauning'inii. Tena vichwa vyake vinagonga mapaja, hivyo mtu huongeza upana wa miguu, hupiga magoti, mwishowe hukiinua chuma kwa mabega. Jina la zoezi limebaki, zoezi lenyewe limeondoka.

Kuna watakaosema kwamba kilo 16 ni kilo 16, na msuli hausomi umbo la chuma. Wana sehemu ya haki. Anayeijua kazi ya nyonga atapata faida kubwa hata kwa dambeli, na asiyeijua ataharibu hata kwa ketelibeli ya bei mbaya. Ipo pia njia ya kati: isimamishe dambeli wima, ishike kichwa cha juu kwa mikono miwili, kile cha chini kining'inie. Sasa uzito umeshuka chini ya viganja, na mwendo unakaribia ule wa ketelibeli. Lakini tazama ulichofanya: umeiboresha dambeli kwa kuinyima umbo lake. Na mshiko huo huteleza jasho linapotoka. Dambeli za visahani vinavyofungwa kwa nati, au makopo ya rangi yaliyojazwa zege, mimi nisingezibembeza hata kidogo.

Pingamizi zito zaidi ni la mgongo. Mwaka 2012 watafiti Stuart McGill na Leigh Marshall wa Kanada walipima zoezi hili kwa ketelibeli ya kilo 16, wakakuta mgandamizo wa karibu newtoni 3,200 kwenye pingili za chini za uti wa mgongo. Waliona pia kwamba pingili zinasukumwa upande ulio kinyume na ule wa kunyanyua mzigo kwa kawaida, jambo linaloweza kueleza kwa nini wengine hupata nafuu na wengine huumia. Huko Denmark, mwaka 2011, watu wazima 40 walihusika katika jaribio la wiki 8, na waliofanya mazoezi ya ketelibeli walipungukiwa na maumivu ya shingo, mabega na kiuno. Kwa hiyo si zoezi la kuogopwa, ila mwenye mgongo mbovu aanze na chuma chepesi, au amwone daktari kwanza.

Na mwenye dambeli tu nyumbani? Aifanyie kazi inayoifaa: achukue mbili, moja kila mkono, atembee. Za kilo 16 kila moja ni frasila mbili. Wapagazi walibeba begani, tena kwa ujira na si kwa afya, na wako waliofia njiani. Kwa hiyo asijilinganishe nao. Vidole vitamshinda kabla ya miguu. Akitaka kuona tofauti iliyopo kati yake na wao, atazame hivi: kutoka Kwihara, lilipo tembe alimokaa mmisionari Livingstone, hadi Tabora mjini ni kilomita chache tu, na kwa msafara hizo hazikuwa hata nusu ya asubuhi.