Mchekeshaji na Kinyago Chake

Jumamosi moja, baada ya sala ya isha, mpwa wangu afanyaye kazi Nairobi alinikokota hadi ukumbi mmoja wa Parklands, mtaa ambao wengi wetu Wapwani tunaujua kwa hospitali ya Aga Khan na vyakula vya Diamond Plaza. "Mjomba," aliniambia, "leo utacheka mpaka mbavu zikuume."

Mchekeshaji wa tatu alikuwa kijana wa kwetu. Alipanda jukwaani amevaa kikoi, kofia ameilaza upande, akiyaburura maneno kama mtu aliyeamshwa usingizini. Mpwani wake ni mvivu aliyelala chini ya mnazi. Dafu likimwangukia, hungoja mtu mwingine aje kumwondolea. Ukumbi mzima ulivunjika mbavu. Mara ya kwanza nami nilicheka. Mara ya pili nikatabasamu. Mara ya tatu nikajikuta natazama vidole vyangu.

Onyesho lilipokwisha alikuja kutuamkia. Ule uvivu wa ulimi ulikuwa umetoweka. Kumbe mchana hutengeneza kompyuta, na huamka alfajiri kuwahi kazini.

"Yule mvivu umemtoa wapi?" nilimwuliza.

"Ami, huyo ndiye wanayemtaka," akajibu. "Nilipoanza nilisimama kwa sauti yangu, nikasimulia mama anavyouza mahamri na vituko vya wateja wake. Watu waliniangalia tu. Nilipomleta mvivu, nikaitwa tena."

Msomaji mpendwa, jibu hilo lilininyima usingizi.

Kuvaa sura isiyo yako ndiyo kazi ya mchekeshaji tangu zamani. Kuanzia miaka ya 1980, Kenya nzima ilimcheka Mzee Ojwang wa Vitimbi na Kiswahili chake chenye lafudhi ya Kijaluo. Mwenyewe alikuwa Benson Wanjau, Mkikuyu. Alipofariki Julai 2015, taifa lilimlilia Ojwang kuliko Wanjau. Lakini Ojwang hakuwa lafudhi tupu. Alikuwa baba mwenye nyumba, mwenye hasira na huruma, anayekorofishana na Mama Kayai kama wazee wa kila kabila. Ndiyo maana hata Wajaluo walimkubali kuwa wao.

Mtazame pia Daniel Ndambuki. Katika redio ya Classic 105, kwa miaka mingi, alikuwa Mwalimu King'ang'i, mwenye lafudhi nzito ya Kikamba. Katika televisheni alikuwa Churchill, nadhifu, akiwafungulia mlango wachekeshaji chipukizi. Huyo Mkamba aliicheka lafudhi ya nyumbani kwake, na alikuwa na nguo ya pili ya kubadilisha. Nao vijana wa Redykyulass, katika miaka ya mwisho ya utawala wa Rais Moi uliokoma 2002, walimwiga Rais mwenyewe. Kicheko chao kilipanda juu kwa wakubwa, hakikumshukia jirani.

Hatari huja pale kinyago kinapommeza mwenyewe. Sisi tunao mfano wa zamani. Abunuwasi wa ngano za bibi zetu, anayemtega Sultani kwa ujanja, chanzo chake ni mtu wa kweli: Abu Nuwas, mshairi mkubwa wa Baghdad katika zama za Harun al-Rashid. Leo mwulize mtoto yeyote wa Lamu au Unguja. Mjanja anamjua; mshairi hamjui.

Chuoni tulifundishwa kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alifanya mzaha, lakini hata katika mzaha hakusema ila kweli. Tulifundishwa pia, katika Sura ya Hujurat, kwamba watu wasiwadharau watu wengine, kwani huenda hao wanaodharauliwa ni bora kuliko wao. Kwa hiyo kucheka si haramu. Swali ni moja: je, kilichochekwa ni kweli?

Na yule mvivu si kweli. Mvuvi atokaye na ngalawa usiku, kuli wa Kilindini, mama aumuaye unga wa mahamri kabla ya adhana ya alfajiri, hawa ndio Pwani. Mwenye kuajiri aliyemcheka mvivu Jumamosi, Jumatatu atamkumbuka kijana wetu atakapokuja na barua ya kuomba kazi. Hapo kicheko kimekula riziki ya mtu.

Hata hivyo simlaumu kijana. Ana kodi ya nyumba, na sokoni huuzwa kinachonunuliwa. Lawama nairudisha kwetu tuliokaa vitini, mimi nikiwa wa kwanza, maana nami nilicheka. Wahenga walisema kinyago ulichokichonga mwenyewe hakikutishi. Hiki tumekichonga sote kwa makofi yetu, na sasa kinatutisha.

Nilipomuaga nilimwomba anisimulie kisa cha mahamri. Akasimulia papo hapo, penye ngazi, kwa sauti yake mwenyewe: mteja aliyekopa mahamri manne kila siku ya Ramadhani, na Idi ilipofika akaja kudai zawadi ya mteja mwema. Mpwa wangu aliketi chini kwa kucheka. Bawabu naye akasogea kusikiliza.

Basi ewe utakayekwenda kumwona, akianza kisa cha mama yake, mpe nafasi amalize.