Pikipiki ya Zamani Ikizimika Ghafla

Baadhi ya wakulima katika skimu za makazi wanazo pikipiki za zamani walizoachiwa na wazee wao. Chombo hiki hubeba maziwa, mbolea na hata mgonjwa. Lakini umeme wake ukikatika ghafla, mwenyewe hushikwa na haraka, na haraka hiyo ndiyo inayoharibu zaidi. Mimi nayajua hayo, kwa sababu yalinipata.

Nina BSA C15 ya babu yangu, ya volti 6. Alfajiri moja nilikuwa nikipeleka kituoni mikebe miwili ya maziwa, mmoja wangu na mmoja wa mama jirani. Nilipokata kona, taa ilizimika, injini ikanyamaza, nikabaki gizani. Nilitazama chini ya kiti nikaona fyuzi imekatika. Nikatia nyingine, nayo ikakatika papo hapo. Ndipo nikafanya upumbavu: nikaizungushia karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Mara moshi ukatoka katika taa ya mbele! Nilisukuma pikipiki hadi nyumbani, maziwa yakachacha, na mama yule akakosa fedha zake. Nilimlipa, lakini haya niliyoona haikulipika.

Babu hakunigombeza. Alisema, "Fyuzi ni mlinzi wa mlango. Ukimkuta amekufa, usiweke mwingine kabla ya kujua aliyemuua." Kisha akanifundisha haya, nami nawapa ninyi.

Kwanza, jiulize: je, ni kitu kimoja kilichokufa au vyote? Ikiwa ni taa moja au honi peke yake, tazama balbu yake na waya wake. Ikiwa vyote vimekufa pamoja, kasoro iko mahali vinapokutana: betri, vifungo vyake, waya unaofungwa kwenye fremu, fyuzi, au swichi kuu.

Pili, tazama betri. Betri nzima ya volti 6, ikiwa imepumzika, huonyesha volti 6.3 hivi. Vifungo vyenye unga mweupe visuguliwe kwa msasa, vikazwe, kisha vipakwe grisi kidogo. Usiwashe kiberiti karibu, kwa maana betri hutoa hewa inayoweza kulipuka.

Tatu, ikiwa fyuzi imekatika, itoe. Chukua balbu ya taa kubwa ya volti 6, uiunge kwa nyaya mbili mahali pa fyuzi. Zima kila kitu. Balbu ikiwaka, umeme unavuja kwenda kwenye fremu. Sasa tikisa nyaya polepole, fungu baada ya fungu. Palipo na kidonda, balbu itazimika au kuwaka tena.

Babu aliketi kwenye kigoda akaniambia nigeuze usukani. Kulia, balbu ikazimika. Kushoto, ikawaka. Waya ulikuwa umesuguliwa na shingo ya fremu mpaka shaba ikaonekana. Kipande cha waya na tepu, kazi ikaisha. Hatukununua betri wala swichi.

Tahadhari moja kubwa. Katika pikipiki nyingi za Uingereza za miaka ya 1950 na 1960, waya wa betri unaofungwa kwenye fremu ni ule wa chanya, si wa hasi kama katika pikipiki za siku hizi. Ukigeuza betri, utaunguza kile chombo kinachogeuza umeme wa jenereta uweze kuingia katika betri. Soma alama kabla ya kufunga. Na kila unapotaka kugusa nyaya, fungua kwanza ule wa fremu.

Basi, weka chini ya kiti fyuzi mbili za kipimo sawa, balbu yenye nyaya na tepu. Kila mwezi tazama nyaya za shingoni, kwenye usukani. Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.