Ule mvumo kwenye simu yako hutengenezwaje?

Ukiwa kwenye simu na ndugu yako akanyamaza kidogo, husikii ukimya mtupu. Unasikia mvumo mdogo, kama upepo wa mbali, na unajua laini haijakatika. Wengi hudhani mvumo huo unatoka kule aliko. Mara nyingi sivyo. Anaponyamaza, simu yake huacha kutuma sauti, ili kuokoa betri na kupunguza mwingiliano wa mawimbi hewani. Hutuma tu nambari chache, mara chache kwa sekunde: kelele iliyopo ina nguvu kiasi gani, ni nzito au ni nyembamba. Simu yako ndiyo inayotengeneza mvumo mpya unaolingana na nambari hizo.

Watunzi wa muziki wa kompyuta wanaujua vizuri ujanja huu, maana kelele iliwasumbua kwa miaka mingi.

Uzi wa gitaa ukipigwa hutetemeka kwa mpangilio unaojirudia, tuseme mara 220 kwa sekunde, na juu yake 440, 660 na kuendelea. Kompyuta ikiwa na orodha hiyo inaweza kuijenga sauti upya kwa kujumlisha mawimbi laini. Lakini upepo, maji ya mto, pumzi, au herufi "s" mdomoni mwako, havina mpangilio huo. Ukilazimisha kuvieleza kwa mawimbi, utahitaji mengi mno, na ukiivuta sauti iwe ndefu mara mbili, upepo unageuka mlio wa chuma unaobubujika kama uko chini ya maji.

Mwaka 1989, Xavier Serra kutoka Barcelona, Hispania, alikamilisha tasnifu yake ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, akipendekeza sauti igawanywe mafungu mawili. Mwaka 1990 yeye na Julius Smith waliieleza njia hiyo katika jarida la Computer Music Journal.

Chukua filimbi. Kompyuta inaikata sauti yake katika vipande vidogo sana. Katika kila kipande inatafuta mawimbi yenye mpangilio, inayajenga upya, kisha inayatoa kwenye sauti ya asili. Ni kama kupepeta mchele, ila hapa makapi nayo yanatunzwa. Kinachobaki ni pumzi ya mpigaji: "fff".

Sasa inakuja sehemu ya kushangaza. Kompyuta haiihifadhi pumzi yenyewe. Inahifadhi umbo lake tu, yaani ina nguvu kiasi gani upande wa sauti nzito, za kati na nyembamba. Ikitaka kuirudisha, inazalisha nambari za kubahatisha, kama mtu anayerusha dadu maelfu ya mara kwa sekunde, na kuzipitisha kwenye chujio lenye umbo lile. Pumzi inayotoka si ya mpigaji yule kabisa. Lakini sikio linaridhika, kwa sababu kwenye kelele halifuatilii kila mtetemo; linapima uzito na nguvu.

Hapo mtunzi anapata uhuru. Anaweza kuirefusha noti, au kuipandisha huku pumzi ikibaki ya kawaida. Akiiondoa pumzi kabisa, filimbi inabaki kama kengele ya saa ya mezani: noti ni sahihi, ila haina uhai.

Wazo lenyewe lina mizizi mirefu. Mwaka 1939, kwenye maonyesho makubwa ya New York, maabara za Bell zilionyesha mashine ya kuzungumza iliyobuniwa na Homer Dudley. Ilikuwa na vyanzo viwili: mlio wa kuunguruma kwa ajili ya irabu, na kelele kwa ajili ya herufi kama "s" na "f".

Njia ya mafungu mawili ina mahali inapokwama. Kelele ya kubahatisha husambaa kwenye kipande chote, kwa hiyo pigo kali la ngoma hulainika, kana kwamba ngozi imefunikwa kitambaa. Mvua kubwa juu ya bati inaigika vizuri. Yale matone ya kwanza yanayohesabika, hapana. Kila tone ni tukio lake. Ndiyo maana watafiti waliofuata waliongeza fungu la tatu, la sauti za ghafla.